Simiti Ilipoikataa Mikono Yangu

Wapendwa, mlio hapa mbele ya kanisa, tazameni mikono hii. Leo iko sawa. Mwaka juzi mke wangu alikuwa akinilisha ugali kama mtoto.

Nilikuwa fundi wa plasta. Miaka tisa nimepiga plasta magorofa ya mtaa wa Kware, mikono mitupu, bila hata upele. Kisha vidole vikaanza kuwasha. Ngozi ikavimba, ikapasuka, ikatoa maji. Nyufa zikaingia usaha, na kwapani zikatokea tezi kubwa kama ndimu.

Nilikuwa na rafiki, jina silitaji. Tumetoka kijiji kimoja Ukambani, na alinisimamia kwenye harusi yangu. Ni yeye peke yake niliyemvulia shati nikamwonyesha zile tezi. Akasema, "Pole ndugu yangu. Pumzika wiki hii, nitaongea na msimamizi."

Na kweli aliongea! Jumatatu niliporudi, msimamizi alinizuia langoni. "Usiguse mtu hapa. Rafiki yako ametuambia una ugonjwa wa kuambukiza na umeuficha."

Nikatazama juu. Mahali pangu, orofa ya tatu, shemeji wa rafiki yangu ameshika mwiko wa plasta. Rafiki mwenyewe alikuwa chini, hatua chache tu kutoka langoni. Nikamwita kwa jina. Akainama, akaendelea kukoroga simiti.

Ndugu zangu, nawaambia, mikono haikuwahi kuniuma kama jambo lile.

Habari ikafika kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga. Jirani akahamisha kamba yake ya nguo. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini, nikaogopa kupimwa. Nikaenda kufanya kibarua cha simiti Mukuru, ambako hawakunijua, na hali ikazidi.

Aliyechoka ni mke wangu. "Kama ni kufa, ufe tukijua," akasema, akanivuta hadi kliniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole.

"Ukikaa siku kadhaa bila kazi, mikono huwaje?"

"Hupata nafuu."

"Na ukirudi?"

"Inawaka moto."

Akanieleza polepole. Ndani ya ngozi kuna chembe za ulinzi. Zangu zilikuwa zimekamata kitu kilicho ndani ya simiti, zikakipeleka mpaka kwenye tezi. Huko chembe nyingine zikafundishwa kwamba huyu ni adui, zikarudi kwenye ngozi kupigana. Ndiyo maana mikono ilivimba. Usaha nao ulizidisha zile tezi.

"Inaambukiza?"

"Hata kidogo. Lakini usishike simiti tena."

Nililia pale pale, viatu vikiwa na vumbi la kazi.

Nilimpelekea rafiki yangu barua ya daktari. Hakuifungua. Akasema, "Nilijua haiambukizi, buda. Lakini shemeji alikuwa amekaa sana bila kazi."

Alijua! Sitawadanganya mbele ya madhabahu: sijamsamehe. Naomba mniombee.

Namshukuru mke wangu, na yule daktari. Namshukuru mama mmoja wa ushirika wa kanisa hili la Mbotela, aliyenishika mkono wakati wengine walikuwa wakinipungia kwa mbali, akanipeleka kwa kaka yake, fundi wa stima. Sasa navuta nyaya kwenye nyumba za watu, na ngozi imetulia.

Ninalowaomba ni hili. Kazi ikikuwasha, nenda hospitali mapema. Na mwenzako akikuvulia shati akuonyeshe anapoumwa, mfunge vifungo, utembee naye hadi kwa daktari, na unyamaze.