Etelka na Picha ya Wale Wanne

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia ya Fodor nasimama mimi Ambrus, kaka yake mkubwa, kuwaeleza maisha ya mdogo wetu Etelka, ambaye angekuwepo angeniambia kwanza nisogee penye mwanga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Szeged, mtoto wa pili na wa mwisho wa mwoka mikate Gáspár na mkewe Rozália, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, na mwaka 1969 akaenda Budapest kujifunza upigaji picha, ingawa baba alitaka awe karani, wakanuniana mwaka mzima.

Mwaka 1972 aliajiriwa na ukumbi wa muziki wa mji huu, na huko ndiko alikokutana na kundi la wanamuziki wanne, fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na sello ile kubwa ya kubanwa kwa magoti, waliotaka picha ya tangazo, wakaketi wamekauka kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Akaomba wapige muziki, ikawa mbaya zaidi, maana mpiga fidla akishaibana kwa kidevu hana sura ya kutazamwa. Ndipo akauliza, kama asiyejua kitu, sehemu ile ya taratibu iende kwa mwendo gani. Jamani! Lénárd wa sello akasema, "Tihamér anaikimbiza kama ana treni ya kuwahi," Tihamér wa fidla ya pili akajibu, "Na wewe unaiburuta kama gunia, bwana," wote wanne wakawaka, kamera wakaisahau, naye akapiga picha. Miaka yote iliyofuata, hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na wao hawakuchoka kunaswa.

Huyo Lénárd alifunga naye ndoa tarehe 9 Oktoba 1976, wakajaliwa binti mmoja, Borbála, aliyepo hapa. Lénárd alifariki tarehe 2 Novemba 2014, na toka siku hiyo mdogo wangu alitaka kitu kimoja tu, kuwapiga picha wale watatu waliobaki wakiwa wamejisahau kama zamani, na kiti cha sello kikiwa mahali pake. Kila mwaka aliwaita, wakaja, akauliza swali lake lile lile, wakakubaliana kwa upole. Mwanzisha ugomvi hayupo, nani agombane? Alirudi nyumbani na picha za watu wenye adabu, akalia.

Aliugua mapafu tangu Februari 2021, na tarehe 17 Aprili 2022, akiwa ameruhusiwa kutoka hospitali kurudi nyumbani, watatu hao walikuja wakakizunguka kile kiti, yeye kitandani na kamera yake. Tihamér, sijui ni kwa huruma au kwa kuchoka, akasema, "Basi leo niseme ukweli, Lénárd alikosea mwendo ule maisha yake yote." Wee! Etelka akaketi wima, "Koma! Mume wangu alikuwa sahihi, na wewe Tihamér huna masikio," wa viola akadakia, wa fidla ya kwanza akadakia, wakapayuka wote wanne, mashavu yamemwiva mdogo wangu, na kamera iko juu ya blanketi, hakuna aliyeigusa, hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. Alifariki tarehe 3 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu ya samaki hata tulipokosa hamu ya kula, wenzake wa ukumbini, na ninyi watatu mlioketi mbele. Borbála, ambaye hakuwepo siku ile ya ugomvi kitandani, ananiuliza mama yake alikuwaje, nami sina picha ya kumwonyesha, nabaki kumsimulia.

Etelka, pumzika sasa, amani ikufunike. Nina hamu nawe, mdogo wangu, nina hamu nawe mno.