Basi Lisilotangazwa

Ka.

Sauti moja tu, kavu, usiku, upande wa bafuni. Mama Birika aliamka, akakaa kitandani akiisubiri ijirudie, isijirudie. Akajiambia ni komeo la mlango. Asubuhi akalikagua komeo, akalikuta limekaza vilevile, na tangu hapo sauti ile ikamganda sikioni hadi jioni, alipokuwa anapepea makaa chini ya birika la kahawa na wateja wake wanajipanga mmoja mmoja kwenye benchi. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umelainishwa na suruali za watu mpaka unateleza, umeegemea ukuta wa nyumba yake, chini ya dirisha. Nyuma ya dirisha kuna pazia, na nyuma ya pazia alikuwapo mumewe.

Mtaa mzima ulimwita Kipaza. Ndiye aliyekuwa akitangaza mabasi pale stendi, mwisho wa barabara, na sauti yake ilikuwa saa ya watu: kuna walioinjika sufuria kwa basi la mchana, kuna waliofunga duka kwa basi la jioni. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikawa inakatika. Hospitali wakampasua, wakaondoa kikoromeo chote, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Tangu arudi hakuwa amevuka kizingiti. Na tangu arudi, Mama Birika aliweka sheria moja: jina la ugonjwa ule halitajwi kwenye benchi lake. Atakayelitaja, kahawa hana.

Kwa hiyo wateja walikuwa wanazungukazunguka. Walijua Kipaza anasikia. Kila jioni waliwaleta kwa hadithi wakubwa wa dunia walioumwa kama yeye, wakawapanga pale barabarani kama gwaride, wakizungumza wao kwa wao, nyuso zikiwa njiani na sauti zikiwa dirishani. Mahali pa Kipaza, mwisho wa ubao, palibaki wazi.

— Shemeji, kahawa ya leo ina hasira, alisema Wembe, kinyozi wa banda la ng'ambo.

— Hasira ni ya ulimi wako. Kunywa.

— Nakunywa, nakunywa. Haya, Maktaba, tuendelee na huyu kaa.

Maktaba alikuwa karani wa maktaba kabla ya kustaafu, mtu wa miwani mbili, moja puani na moja utosini, na kila mara alikuwa anaitafuta ya tatu.

— Kaa gani? aliuliza Tela, dereva wa lori. Kaa la jiko au kaa wa majini?

— Wa majini. Waganga wa Kiyunani wa zamani walitazama uvimbe, wakaona mishipa imeuzunguka kama miguu ya kaa. Wakauita kaa. Waarabu nao wakauita kaa, kwa lugha yao, na neno hilo sisi tukalichukua likawa sa…

Mama Birika akalinyanyua birika kutoka kwenye makaa.

— Likawa neno, alimalizia Maktaba, akanyoosha kikombe chake haraka. Sasa, zamani hizo hizo kulikuwa na malkia wa Uajemi. Akapata uvimbe kwenye titi. Ulipokuwa mdogo akaona haya, akaficha, asimwambie mtu.

— Malkia mzima? alishangaa Wembe. Mumewe mfalme, mlangoni walinzi, halafu anaona haya?

— Haya ni haya. Uvimbe ukakua, ukapasuka, ukaanza kuenea. Hapo akamwita tabibu mmoja Myunani, mateka. Tabibu akamwambia, nitakutibu, ila kwanza uniapie kwamba nitakachokuomba utanipa. Akaapa. Akatibiwa akapona, hivyo ndivyo alivyoandika mwanahistoria wa Kiyunani.

— Akamwomba nini? Dhahabu?

— Njia ya kurudi kwao.

Wembe akanyanyua kikombe kidogo, kwa heshima ya yule mateka.

— Huyo mwanamke nampenda, alisema Tela.

— Alishakufa.

— Nampenda hivyo hivyo. Malkia kumwambia mateka, nina uvimbe, tazama! Mimi nilipata jipu la kwapa nikamficha mke wangu.

— Alijua, alisema Wembe. Mtaa mzima ulijua. Ulikuwa unatembea kama umebana tikiti maji.

Wakacheka, na kicheko chao kikapanda ukuta hadi dirishani. Pazia halikutikisika. Mama Birika alilitazama kwa pembe ya jicho, kama alivyolitazama kila jioni, akarudi kwenye makaa yake.

— Lakini mmeona huyu kaa anavyochagua? Tela aliinama mbele, sauti ikapanda gia. Malkia. Majenerali. Wafalme. Hapandi daraja la tatu huyu! Anauliza kwanza, hapa mkubwa nani?

— Mjomba wangu alikuwa anaponda kokoto, alisema Wembe, akaumwa huyo huyo. Alikuwa mkubwa wa nini?

— Wa kokoto. Na yule mfalme wa vita aliyefia kisiwani, anayechorwa mkono ndani ya koti? Mnadhani alikuwa anajikuna? Alikuwa amemshika kaa! Amembana hapa tumboni, asitoke mbele ya jeshi!

— Tela, wachoraji wa wakati ule walichora nusu ya wakubwa wao mkono kotini. Lilikuwa pozi tu la picha.

— Kwa nini lilikuwa pozi? Jiulize.

— Madaktari waliompasua alipokufa walikuta tumbo limeharibika, hilo kweli. Na baba yake alikufa kwa tumbo. Lakini mkono ni mkono tu.

— Maktaba, wewe umesoma mno, huoni tena.

Wembe alitaka ya rais wa kwenye boti, hadithi aliyoipenda kuliko zote, na Maktaba hakuwa mtu wa kubembelezwa. Rais wa nchi kubwa, akasema, alikutwa na uvimbe kwenye kaakaa.

— Kaa kwenye kaakaa! alipiga kelele Tela. Mnaona? Hata lugha inajua!

— Nyamaza. Nchi ilikuwa kwenye msukosuko, wakaogopa watu watataharuki. Wakampakia kwenye boti ya tajiri rafiki yake, wakasema anakwenda kupumzika. Madaktari wakampasua humo humo, boti inakwenda. Wakakata sehemu ya taya la juu, na yote wakayafanya kwa kupitia mdomoni, wasiguse sharubu.

— Wasiguse sharubu, alirudia Wembe taratibu, kikombe kifuani. Hao madaktari walikuwa na adabu ya kinyozi.

— Wakamtengenezea kipande cha taya cha mpira. Akapona, akaongea, akahutubia. Gazeti moja likatoboa siri, wakubwa wakakana, wakasema ni meno tu. Ukweli ulithibitishwa yeye alishakufa zamani, tena kwa maradhi mengine.

— Mimi, alisema Tela, naamini rais aliyeshuka siye aliyepanda.

Hapo Mama Birika akaingilia mazungumzo, yeye ambaye kwa kawaida alimimina tu.

— Mmesikia lakini? Hata rais alificha. Watu wakubwa wana akili zao.

Wembe akazungusha masimbi ya kahawa kikombeni.

— Shemeji, usinikasirikie. Yule alikuwa anaificha nchi isitaharuki. Wewe unaficha kwa ajili ya nani? Sisi wote tunajua. Yeye anajua. Wewe unajua.

— Nyie mnaongea tu. Alishika mpini wa birika kwa kitambaa, hakulinyanyua. Mimi nimeishi na mtu ambaye akitaja basi, basi linaingia. Nilikuwa nikimpelekea chakula pale kibandani, nasimama pembeni. Anagonga kipaza sauti kwa kucha, mara mbili, ta-ta, stendi nzima inanyamaza. Anataja jina. Unageuza shingo, basi hilo hapo getini. Kila siku. Sasa nitaje kitu nisichotaka kije?

— Na kuondoka je? aliuliza Wembe.

— Kuondoka nini?

— Basi lilikuwa linaondoka bila kutangazwa?

Mama Birika akapepea makaa. Alimkumbuka mlinzi wa geti, mnyororo mkononi, akikataa katakata, dereva anapiga honi, abiria wanatukana madirishani, na mlinzi anasema halijatajwa, mimi sifungui.

— Umekazana leo, Wembe, alisema. Nenda kanyoe watu.

Tela, ambaye hakupenda kimya hata cha dakika, alimpiga Maktaba kiwiko. Lete jenerali. Na Maktaba, akiwa amegeuka kabisa safari hii, uso kwenye dirisha, akamleta jenerali.

— Jenerali huyu alishinda vita, akawa rais, akastaafu, akatapeliwa kila alichonacho. Halafu koo. Kaa kooni. Alikuwa mvuta sigara nene, moja juu ya nyingine. Akaona atakufa amwache mkewe mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti barazani, amejifunika mablanketi, akaanza kuandika kitabu cha maisha yake. Sauti ikamwisha. Akawa anawaandikia madaktari vikaratasi. Hawezi kumeza, anaandika. Hawezi kulala, anaandika. Akamaliza, na siku chache tu baadaye…

— Maktaba! Tela alimkata. Mbona wote unaotuletea wanakufa?

— Ni watu wa kale, Tela. Hata waliokuwa na mafua wamekufa.

— Sema kitabu basi.

— Kitabu kilinunuliwa kama mkate wa moto asubuhi. Mkewe hakuomba kwa mtu. Na wanaokisoma mpaka leo wanasema hakuna kulia humo ndani, hakuna kujisifu. Sauti imetoka kooni, akaipeleka mkononi.

Ka.

Ilitoka dirishani. Kavu, fupi.

— Mjusi huyo, alisema Tela.

Mama Birika alikuwa anammiminia Wembe. Kahawa ilijaa kikombe, ikapita ukingo, ikamwagikia vidole vya Wembe, na Wembe hakuthubutu kupiga kelele. Hospitalini, siku ya kutoka, dada wa mazoezi ya kuongea alikuwa amewakalisha wote wawili. Unameza hewa, alimwambia Kipaza, unairudisha kama unacheua, humo humo unatia neno. Aanze na vipande vyepesi: pa, ta, ka. Kipaza alikuwa amegeukia ukuta. Nyumbani hakujaribu hata mara moja mbele yake.

— Shemeji, alinong'ona Wembe, kidole kinaiva.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Msichana wa sare ya stendi, beji kifuani, viatu vya vumbi. Benchi zima likamjua kabla hajafungua mdomo, maana ndiye aliyewekwa kibandani badala ya Kipaza, na kila alipotangaza Tela alisema anatangaza kama anaomba msamaha.

— Shikamoo mama. Shikamooni wazee.

— Marahaba, walijibu, kila mmoja kwa bei yake.

— Nimekuja kumjulia hali mwalimu. Nasikia watu wanasema natangaza kama naomba msamaha. Nikasema nije kwa mwenyewe anifundishe.

Tela akapata kitu cha kutazama kwenye kiatu chake.

— Amepumzika, alisema Mama Birika. Kunywa kahawa kwanza.

Msichana alipokea kikombe akiwa amesimama, akawatazama mmoja mmoja.

— Nimewakata mazungumzo. Nilisikia jenerali, ugonjwa wa koo. Ugonjwa gani huo?

— Kaa, alisema Maktaba.

— Asante, mzee, alisema msichana, akakaa. Akakaa mwisho wa ubao, pale pale palipobaki wazi.

Watu watatu walinyanyua mikono kumzuia na watu watatu wakaishusha, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa ametii alichoambiwa. Wembe alianza kucheka, kicheko kikamfia puani.

— Nimekosea?

— Hapana, alisema Mama Birika. Kaa tu, mwanangu.

— Nimekaa. Ila hamjanijibu. Huo ugonjwa wenyewe unaitwaje?

Maktaba akavua miwani ya puani, akaifuta, akavaa ya utosini. Wembe akachungulia ndani ya kikombe. Tela, mwenye majibu ya kila kitu kuanzia makoti ya wafalme hadi boti za marais, alifungua mdomo, akalitazama birika, akaufunga. Kisha wote wakamgeukia Mama Birika. Alijaribu. Midomo yake ilifika kwenye herufi ya kwanza, ikakwama hapo.

Mlango ukalia nyuma yake.

Kipaza alikuwa amesimama kizingitini, shati la stendi limemning'inia, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni juu ya tundu, kikipanda na kushuka kwa pumzi. Msichana alinyanyuka upesi, kama aliyechomwa na kiti kisicho chake. Kipaza akamwonyesha kwa kiganja: baki. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mkewe, na mkono wake wa kulia, ule wa kazi, ulikwenda kwenye fremu ya mlango, ukagonga kwa kucha. Ta-ta.

Barabara ilinyamaza. Au hivyo ndivyo Mama Birika alivyosikia. Akaona kidevu kinashuka, koo linameza hewa, linaitafuta, linaishika, na ndipo akajua kwamba ile sauti ya usiku haikuwa komeo. Ilikuwa nusu ya neno, na mtu alikuwa peke yake gizani akilitafutia nusu ya pili.

Akaweka birika chini.

— Haya, alimwambia. Tangaza.

— Kansa.