Jambia la Hyasinti

Kijiwe chetu kiko ufukweni mwa ziwa, upande wa Liuli, hatua chache kutoka zinapoingia mashua. Tuna benchi moja, birika moja, na kahawa ya Mbinga tunayoletewa tangu soko huria limruhusu kila mwenye pikapu kuuza anachotaka. Wanakijiwe ni Mansuetus, tunayemwita Zanzibari kwa sababu aliwahi kukaa Unguja siku kumi na moja. Urbani, yaani Video, kwa kuwa akienda Mbinga mjini hashindi kwingine ila kibanda cha video. Othmar Injini, mwenye mashua. Na mimi, Katibu, ninayewaandikia watu barua na kuwaharibia mambo. Wiki ile nilikuwa nimeharibu kweli.

Mashua ya Othmar iliingia imejaa mbasa. Kwetu mashua ikijaa, mwenyewe hupiga kelele "Visu!", na majirani huja na visu vyao kumsaidia kupasua samaki, kisha huondoka na kitoweo. Jirani yake Hyasinti naye akaja. Ila jana yake walikuwa wamegombania nyavu, na Othmar alipomwona na kisu akatimua mbio mpaka ziwani. Ufuko mzima ukacheka. Othmar akanijia nimwandikie mashtaka ya kupeleka ofisi ya kata. Niliona kisu ni kidogo mno kumkimbiza mtu mwenye injini, nikaandika "jambia". Sasa Hyasinti yuko ndani huko kata siku ya tatu, na barua yao imekuja: tueleze jambia ni kitu gani, kabla hajapelekwa polisi wilayani.

Zanzibari: Jambia ni la Waarabu. Limepinda. Bwana harusi analivaa hapa, tumboni.

Mimi: Kwa hiyo Hyasinti alikuwa anaoa?

Zanzibari: Usinichekeshe. Neno umelileta wewe.

Video: Lina makali huku na huku. Kwenye mkanda mmoja nililiona likirushwa. Likakata kamba, likazima taa, likamchoma mtu ghorofani.

Mimi: Ghorofa ya ngapi?

Video: Ya tatu. Na lilikuwa limechoka.

Zanzibari: Hilo la mkanda ni la mchezo. La kweli lina sumu, na linamjua adui kwa jasho. Wewe ukilala, lenyewe liko macho.

Othmar: Mungu wangu! La Hyasinti nalo lilikuwa na sumu?

Mimi: Lilikuwa na magamba ya samaki.

Zanzibari: Ndimo sumu inamofichwa!

Nikacheka, halafu nikaona nimeandika kila kitu, hadi ile ghorofa. Ndivyo nilivyo: mtu akisema kwa sauti kubwa, mimi naandika.

Hapo akaja Vitalia, mke wa Hyasinti, amebeba chakula cha kumpelekea mumewe.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama.

– Nasikia mnaandika tena. Basi shemeji Othmar, nina swali moja tu. Siku ile, nani alimwita mume wangu aje na kisu?

Video akachungulia kikombe chake. Zanzibari, aliyejua mambo ya Arabuni yote, akaanza kukohoa. Mimi nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, maana sauti ya Othmar siku ile niliisikia hapa hapa nilipokaa, na sikuiandika popote.

Vitalia hakuondoka. Alisimama tu, chakula chake kikipoa.

– Katibu, akasema Othmar taratibu, futa jambia. Andika kisu cha samaki.

Nikafuta.

– Andika nilimwita mwenyewe.

Nikaandika.

– Na andika kwamba nilikimbia.

– Hilo si lazima, Injini, nikamwambia.

– Andika. Wasipojua nilikimbia bure, hawatamtoa.

Nikaandika: "Mlalamikaji alikimbia mpaka maji ya magotini."

Akaisoma polepole, akanirudishia karatasi.

– Kifuani, Katibu. Andika kifuani.