Kipini cha Kwenye Ukosi

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wa gereji, chini ya bati linalovuja pembeni, na asubuhi ile lilikuwa limejaa watu wasio na hamu ya kahawa. Mbele yao gari jekundu la mkunga lilikuwa likinguruma. Injini yake ilikuwa imetoka kusukwa upya, na upande wa mbele ilichakacha kama kopo lenye misumari. Aliyeisuka, Mzee Sikio, alikaa katikati ya wenzake. Jina hilo alipewa kwa haki, maana zamani alikuwa akisikia ugonjwa wa gari kabla halijakata kona. Siku hizi mikono ilimtetemeka, ndiyo maana kikombe alikishika kwa yote miwili.

— Hiyo ni oili, alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. Ni ngeni. Haijazoeana na chuma.

— Oili inazoeana na nani? Hapo ni vyuma vipya, alisema Breki, dereva mstaafu. Vina utoto. Vikikua vitatulia.

— Vikue mara ngapi, vimetoka dukani vimeshakua?

Sikio alimtazama Grisi, mwenzake wa gereji tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Grisi alikuwa anachunguza viatu vyake.

— Mimi nasema ni barabara, Redio akaendelea. Malori yanapita kule, ardhi inatetemeka, gari linapokea tu. Lihamishieni kwenye mchanga, mtaniambia.

— Au linakumbuka, alisema Breki. Lile lilichakacha miaka, leo mnataka lisahau ghafla? Hata mtu akipona kikohozi, kifua hukumbuka.

Siku nyingine wangemcheka mpaka wamwage kahawa. Leo hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma Sikio. Sauti ilitoka mbele, kwenye cheni ya taimingi aliyoifunga yeye mwenyewe ndani ya injini. Hata Redio alijua. Wametaja oili, ardhi na kikohozi, wakalizunguka neno cheni kama watu wanaozunguka shimo. Walikuwa wanamhurumia. Aliona uchungu, kisha aibu, kisha woga, kwa sababu zaidi ya ufundi hakuwa na kitu kingine cha kuitwa nacho.

Muuza kahawa aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha chini. Ndipo mkunga mwenyewe akafika, mkoba begani, vumbi la kutembea kwa miguu mpaka magotini. Akamwamkia mzee, akasikiliza gari lake kidogo. Hakulalamika. Alitoa funguo za nyumba mkobani, na kwenye pete yao kulikuwa na kipini chembamba cha chuma.

— Mzee, gari la kwanza ulilonitengenezea ulinipa hiki. Cha safari hii kiko wapi?

Kikaza cheni kipya huja kimebanwa kwa kipini kama kile. Cheni ikishakaa, kipini kinachomolewa, kikaza kinaachiwa kiivute cheni isicheze, halafu ndipo kava ya mbele ya injini inafungwa. Sikio alikuwa na desturi yake: akikichomoa hukichomeka kwenye ukosi wa shati, na hakitoki hapo mpaka amkabidhi mwenye gari.

Mkono wake ulipanda shingoni wenyewe. Ulipapasa upande huu, ukapapasa upande wa pili. Kilikuwa kitambaa kitupu. Redio akageukia barabarani. Sikio akaelewa kwamba benchi zima lilikuwa limeuona ukosi huo tangu asubuhi.

 

— Zima gari, mama, Sikio akamwambia mkunga.

Mkunga akalizima. Sikio aliweka kikombe chini taratibu, kikagongagonga kwenye ubao kabla ya kutulia.

— Grisi. Kafungue kava.

— Tutafungua wote, kaka.

— Fungua wewe. Na kipini ukikikuta mle ndani, kichomeke kwenye ukosi wako.