Mguu Uliotangulia

Marehemu mdogo wangu, ambaye wote mlimwita Fundi Soli, leo tunamzika bila mguu wa kulia. Mguu ulitangulia miaka sita iliyopita. Haukuliwa na sukari peke yake, na wanaojua wamekaa mstari wa pili, nawaona. Wajukuu wameniomba niseme mazuri tu. Nitayasema, zamu yake ikifika.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, kitinda mimba wa mama yetu. Shule aliishia darasa la nne, na si kwa ujinga. Alikuwa akiinama chini ya dawati kutazama viatu vya mwalimu vimeshonwaje. Mwalimu akamwambia baba, "Huyu mpelekeni kwa fundi, ananihesabia matundu ya soksi."

Kazi alijifunza kwa mjomba, na mwaka 1972 akafungua kibanda chake ubavuni mwa posta, akazeekea hapohapo. Palipotaka uzi hakuweka gundi.

Mwaka 1976 wifi yangu alileta kiatu kimeng'oka kisigino. Marehemu akamwambia njoo kesho. Kesho ikifika, njoo kesho. Nikamuuliza, "We, kisigino gani hicho kinapigiliwa wiki nzima?"

"Dada, nilimaliza siku ileile. Nikimpa, atarudi kufanya nini?"

Mwaka huohuo wakaoana.

Sukari ilimpata uzeeni, ikamtoa kidonda kidole gumba cha mguu wa kulia. Hospitali wakamlaza, kisha wakasema atahudumiwa nyumbani. Jumanne akaja nesi wao, akafungua bendeji. "Mguu mchafu huu. Kuogesha ni kazi ya ustawi wa jamii. Siweki dawa juu ya uchafu." Akafunga vilevile. Alhamisi akaja mhudumu wa ustawi wa jamii, akamwogesha mwili mzima, mguu akauruka. "Bendeji siruhusiwi kugusa, mama. Hiyo ya hospitali." Na sisi wa nyumbani tulikatazwa kabisa, eti tutaingiza vijidudu. Wifi akienda hospitali anaambiwa nenda ustawi, akienda ustawi anaambiwa nenda hospitali. Na ofisi zenyewe zinatazamana, ua mmoja! Mguu ukaoza katikati ya watu wenye mikono safi. Ukakatwa chini ya goti.

Alirudi kibandani kwa magongo, akashona mpaka mwezi uliopita. Alifariki Jumapili asubuhi, moyo ulisimama, kikombe cha chai mkononi. Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu, na mimi dada yake.

Kabla hatujamshusha, kuna siku moja lazima niiseme.

Baada ya kukatwa, kigutu nacho kilianza kunuka, maana Jumanne na Alhamisi zilikuwa zilezile. Tulishaambiwa kinachofuata ni paja. Basi wiki moja nesi akakosa Jumanne yake, akaja Alhamisi, wakakutana na mhudumu mlangoni. Nikawaingiza wote, nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani.

"Hatoki mtu mpaka huyu aoshwe na afungwe."

"Bibi, tutaita wakubwa!"

"Waiteni. Viti vipo."

Wakaja kweli, mganga mkuu wa hospitali na mkuu wa ustawi wa jamii. Nikawafungulia, nikawafungia. Wale mabwana wakapeana mikono wakaulizana majina. Watu wa ua mmoja! Nikamshikisha mganga mkuu beseni. Nesi akafungua bendeji, mhudumu akaosha, nesi akatia dawa, akafunga. Yote hayo, na maji ya chai niliyobandika yalikuwa hayajachemka.

Mganga mkuu, beseni bado mkononi, akasema, "Mzee, ule mguu umekwenda kwa uzembe wetu. Tusamehe."

Marehemu akamtazama viatu. "Mimi nimekusamehe, daktari. Dada yangu sijui. Hebu vua hicho cha kushoto, soli imeachia."

Tangu siku hiyo nesi na mhudumu walikuja pamoja, na kigutu kikapona. Hata leo wamekuja pamoja, wale pale mstari wa pili. Karibuni. Yeye aliwasamehe, mimi bado naangalia.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Huko uendako hakuna wa kukwambia nenda ng'ambo ya ua.