Jina Lililosomwa Mstarini

Kwenye gari la Hombolo, Restuta alimsikia mwalimu aliyeketi jirani yake akiusifia mpango wa afya wa shule yao: wanafunzi walio hatarini wanapewa uji na ushauri. Ilikuwa shule ya binti yake. Akashindwa kunyamaza.

“Samahani, mwalimu. Angelina wangu alimweleza mshauri kwa siri kwamba tunalala njaa. Kesho yake jina lake likasomwa mstarini, shule nzima ikisikia. Sasa hataki kutoka nje. Ndio ushauri huo?”

“Mama, bila orodha uji tungempa nani?”

“Mngemwita pembeni! Mlitaka kumlisha au kumtangaza?”

Abiria wengine wakajifanya wanatazama mizabibu. Gari likasimama.

“Mwambie arudi, uji bado upo,” mwalimu alisema akishuka.

Restuta alibaki kitini, machozi ya hasira yakimtoka.