Mwalimu Chukuchuku na Kazi ya Nne ya Mafuta

Ndugu zetu mliokuja kutushika mkono, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi wa zamani ambao naona baadhi yenu mmeshaota mvi, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, aliyemfuata ziwa, na anasoma kwa niaba ya familia yote, pamoja na wale ambao hawakutaka haya yasomwe.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika chumba kilichopakana ukuta na kinu cha baba yetu cha kukamulia ufuta, na kwa kuwa kinu hicho ndicho kilichotulisha, kila tulichokuwa nacho kilinukia mafuta, kuanzia kitasa cha mlango mpaka shuka tulizojifunika.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, mwisho wa mtaa wetu, na ingawa alinawa mikono kwa majivu kila asubuhi, kurasa za daftari lake zilibaki na madoa yanayopitisha mwanga, ukisoma ukurasa mmoja unaona na maandishi ya unaofuata, wenzake wakawa wanamwambia, "Wewe, kaa mbali na kiberiti!" Alipofika sekondari, mwaka 1967, mwalimu alionyesha maabarani namna ya kutambua mafuta, kwamba unasugua kitu kwenye karatasi, unaiinua dirishani, doa likipitisha mwanga basi hayo ni mafuta, darasa likaangua kicheko na mmoja akasema, "Tangu darasa la kwanza tunajua hilo, leteni daftari lake." Katika jaribio lile alipata alama za juu kuliko wote, lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja najua kwamba usiku huo alinawa tena mikono kwa majivu.

Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa Januari 1973 kufundisha baiolojia, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu Machi 2011, na waliosoma kwake hawajasahau alivyochora mafuta ubaoni kama uma wa meno matatu, mpini ukiwa gliseroli na meno yakiwa asidi za mafuta, wala alivyoeleza utando wa seli, safu mbili zilizopeana migongo, vichwa vinavyopenda maji vikitazama nje na ndani, mikia inayoyakimbia maji ikijificha katikati, akisema kwamba bila ukuta huo mwembamba wa mafuta mwanadamu angekuwa dimbwi tu sakafuni. Kisha aliorodhesha kazi za mafuta mwilini, ya kwanza kuweka akiba ya nguvu, ya pili kujenga utando huo, ya tatu kukinga viungo na baridi na mishtuko, na ya nne kubeba vitamini A, D, E na K, ambazo haziyeyuki katika maji.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 na shemeji yetu huyu mnayemwona, karani wa posta, wakajaliwa watoto wanne, watatu wa kiume na binti mmoja, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1985.

Tarehe 2 Juni 1986 baba yetu alianguka mbele ya kinu chake na hakuinuka, daktari akatuambia kwamba mishipa yake iliziba kwa mafuta, na kaka yetu alipotoka kuzika alikwenda moja kwa moja jikoni kwake akamwaga chupa ya mafuta ya kupikia. Tangu siku ile nyumba yake ilikula mboga za kuchemsha kwa chumvi, nyama iliyonyofolewa kila chembe ya shahamu, mayai yasiyo na kiini, na maziwa aliyoyaengua malai kwa kijiko yeye mwenyewe. Mtaa ukamwita Mwalimu Chukuchuku, wakasema hata paka wa pale kahama bila kuaga, na mkewe alipolalamika, "Baba watoto, chakula hiki hakipiti kooni," alimjibu, "Kitapita, maji si yapo?" Sisi ndugu zake tulicheka pamoja na mtaa, kisha tukitoka kwake tulipitia kwa jirani kula, bila kujiuliza nani ndani ya nyumba ile hakuwa na pa kupitia.

Wavulana walikuwa wakubwa, walikula shuleni na kwa rafiki zao, lakini binti alikuwa na sahani ya baba yake peke yake. Alipotimiza miaka minne alianza kujigonga kwenye miimo ya milango jua likishazama, baba yake akamwita mzembe, akamwambia atazame anakokwenda, mpaka mama yake alipoona macho yamekauka, hayana mng'ao, wakampeleka hospitali. Daktari aliuliza mtoto anakula nini, akauliza baba anafanya kazi gani, kisha akasema, "Mwalimu, vitamini A husafiri na nini?" Kaka yetu, aliyekuwa ameliandika jibu hilo ubaoni mwezi uleule, aliinuka kitini kama mwanafunzi na kulijibu akiwa amesimama. Jicho la kulia lilipona, la kushoto likabaki na kovu jeupe, doa ambalo mwanga hauliwezi.

Alinunua mafuta siku hiyohiyo, akawa anayatia sufuriani mwenyewe, na jina la Chukuchuku, ambalo zamani lilimkasirisha, akaanza kuliitikia. Kuomba radhi hakuomba, maana alisema neno dogo kama hilo kulitoa kwa jambo kubwa kama lile ni kumtukana mtoto. Darasani aliandika kazi tatu, na akifika ya nne alimpa mwanafunzi chaki, yeye akageukia dirisha. Mwaka 2001 binti yake aliingia darasa lake, akiketi mstari wa mbele kwa sababu ya jicho, na chaki ilipokosa mtu aliinuka yeye, akaandika, akageuka na kuuliza, "Ni sahihi, Mwalimu?" Kaka yetu alisema, "Sahihi," akatoka kabla ya kengele, jambo ambalo walimu wenzake waliopo hapa watashuhudia kwamba hakulifanya kabla wala baada.

Binti alijifunza ushonaji, na kwa kuwa kutunga uzi kwa jicho moja kulimchosha, baba yake alipita kwake kila jioni akamtungia sindano za mkono, za kupindia na za vifungo, akazichomeka kwenye kipande cha sponji, akaaga. Hawakuwahi kuzungumza kwa nini.

Februari 2019 kaka yetu aligeuka manjano macho na ngozi, vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye kongosho umeziba njia ya nyongo, na kwa kuwa bila nyongo tumbo haliwezi kuyavunja mafuta, madaktari walituagiza tumpunguzie, naye akasema, "Nimerudishiwa chakula changu." Ndipo aliposema pia, "Mkisoma historia yangu, msiiruke kazi ya nne." Alifariki tarehe 9 Novemba 2019, alfajiri.

Tulipoketi kuandika, mwanawe mkubwa alisema mambo ya jikoni hayasomwi mbele za watu, shangazi yake akamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ubishi ulipokuwa mrefu tulimwachia mwenye jicho aamue. Alisema, "Someni. Ila mkisema jicho, semeni na sindano." Zipo zilizobaki kwenye sponji, nyingine zimetungwa kombo, za wiki zile mikono yake ilipokuwa inatetemeka, na amesema hataziweka kabatini kama ukumbusho, atashonea, kwa sababu zilitungwa zifanye kazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, hata mliompa lile jina, na walimu wenzake waliolibeba jeneza.

Kaka, kazi ya nne imesomwa, na aliyekubali isomwe ni binti yako. Aibu tuachie sisi tuliocheka. Wewe nenda na amani, upumzike.